Alitibiwa tumbo, ugonjwa ukiwa kwenye fizi: kisa cha fundi wa hina wa Mombasa

Mgonjwa ni mwanamke wa miaka 44, mkaazi wa Kisauni, fundi wa hina na piko. Kazi yake humkutanisha na watu uso kwa uso: bibi harusi hukaa kitako, mkono juu ya mto, naye huinamia kiganja kile kwa saa mbili tatu, pumzi zao zikichanganyika muda wote huo. Alikuja akilalamika kwamba kinywa chake kinanuka, kwamba hali hiyo imemwandama kwa miaka mitatu na zaidi, na kwamba katika dawa zote alizotumia ni moja tu iliyomfaa, nayo humfaa kwa siku chache kisha harufu hurudi palepale. Dawa hiyo ndiyo iliyowapoteza njia waliomtibu kabla yetu, na hiyohiyo ndiyo iliyotuelekeza. Baadhi ya mambo yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha, na mwenyewe ameridhia kisa chake kielezwe.

Hakujigundua mwenyewe. Pua huzoea kile inachokaa nacho usiku na mchana, ndiyo maana mwenye tatizo hili mara nyingi huwa wa mwisho kujua. Aliyemwambia ni wifi yake, faraghani, baada ya harusi moja ya Majengo ambapo bibi harusi aligeuza uso ukutani na kuomba dirisha lifunguliwe. "Wifi, nina neno, na naomba usinichukulie vibaya," ndivyo alivyoanza. Mgonjwa alilia, akakasirika, akakata mguu nyumbani kwa wifi yake kwa muda, kisha akamrudia na kumwomba amsindikize kutafuta tiba. Nalitaja hili kwa sababu watu wa pwani tumelelewa kusitiriana, na sitara ni jambo jema, lakini katika maradhi haya wengi tumewasitiri mpaka meno yakawadondoka. Wifi huyu alimfanyia hisani kubwa kuliko sote tuliomshika kwa vyombo na dawa.

Alivyojitibu, na alivyotibiwa

Alianza na vya nyumbani. Iliki mdomoni kutwa, karafuu wakati wa kulala, maji ya ndimu na chumvi, peremende zisizokauka mkobani. Mswaki wa mti hakuuacha hata siku moja; aliutumia asubuhi na kabla ya swala. Wapo wanaoharakisha kuulaumu mswaki huo, nami sikubaliani nao. Shirika la Afya Duniani liliupendekeza mwaka 1986 kwa watu ambao ndio desturi yao, na ukitafunwa vizuri ncha yake husafisha uso wa jino barabara. Tatizo ni mahali usikofika: katikati ya jino na jino, na upande wa ndani wa magego ya chini, pale ulimi unapogusa. Brashi ya dukani nayo haiingii katikati ya meno, kwa hiyo kumbadilishia chombo kimoja kwa kingine kusingemponya.

Halafu akaingia maduka ya dawa. Kila alikoeleza shida yake aliulizwa juu ya tumbo: choo kikoje, kiungulia kipo, tumbo linajaa? Maswali ya aina hiyo mtu mzima yeyote atapata moja la kulijibu ndiyo. Akapewa dawa za minyoo. Akapewa vidonge vya kupunguza asidi, akavimeza miezi miwili bila mabadiliko. Akapimwa kinyesi kutafuta bakteria wa Helicobacter pylori, kipimo kikatoka safi. Mwisho akaambiwa ni amiba, akapewa metronidazoli, na hapo kwa mara ya kwanza harufu ikapungua. Nyumbani wakafurahi. Wiki moja baada ya kumaliza dozi, ikarejea. Akanunua dozi nyingine, ikapungua tena, ikarejea tena. Alipofika kwetu alikuwa ameshairudia mara nne, na vikaratasi vyake vyote alivitunza kwenye bahasha. Yeye, muuzaji dawa na hata mumewe walikuwa wameshakubaliana kwamba ugonjwa uko tumboni na dawa imepatikana, ila haijamezwa ya kutosha.

Hapa ndipo pa kutulia. Metronidazoli huua amiba, ni kweli. Lakini huua pia bakteria wasiopenda oksijeni, popote walipo mwilini, kwa sababu ikishamezwa huingia kwenye damu na kufika mpaka kwenye mate na majimaji yanayotoka kwenye fizi. Bakteria wanaonukisha kinywa ni wa jamii hiyohiyo. Hujificha kusikofika hewa, wakala mabaki ya chakula, chembe za ngozi ya ndani ya mdomo na damu ya fizi, na wakizivunja protini zenye salfa hutoa gesi: haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai viza, na methili merkaptani, ambayo ni kali zaidi na hupatikana kwa wingi penye ugonjwa wa fizi. Basi nafuu ile ilithibitisha kwamba harufu inatoka kwa vijidudu vinavyokimbia hewa, na hapo ushahidi wake ukakomea. Haikusema vinakaa wapi. Amiba wa kumsumbua mtu miaka mitatu angetarajiwa kumletea tumbo la kuendesha au choo chenye damu, na huyu choo chake kilikuwa cha kawaida siku zote.

Tena tumbo halina njia ya kupumua kupitia mdomoni kila sekunde. Umio hukaa umefumba. Hufunguka tunapomeza, tunapocheua na tunapotapika. Harufu inayotoka katika kila pumzi, asubuhi, adhuhuri na usiku, kwa nadra sana inatoka huko. Wataalamu huhesabu kwamba asilimia 80 hadi 90 ya visa vya harufu ya kudumu huanzia kinywani chenyewe. Kitunguu thaumu ndicho kinachowachanganya watu, maana aliyekila hunuka hata akipiga mswaki mara kumi. Lakini hata hicho hakitokei tumboni moja kwa moja: mabaki yake huingia kwenye damu, hutokea mapafuni na pumzi, na kufikia siku ya pili au ya tatu yamekwisha.

Uchunguzi

Siku ya kwanza hatukuweza kunusa kitu cha maana. Alikuja amejifukiza udi, ana asumini kifuani na iliki shavuni, kama anavyotoka nyumbani siku zote tangu aambiwe. Tulimwomba arudi asubuhi nyingine bila marashi, bila kula, bila kusukutua, bila kupiga mswaki. Ilimwia vigumu. Alikuja akiwa amejiziba mdomo kwa ncha ya mtandio tangu alipopanda matatu.

Vipimo vya mwanzo havihitaji mashine. Alifumba mdomo akatoa pumzi kwa pua: hapakuwa na kitu. Akabana pua akatoa pumzi kwa mdomo: harufu kali, ambayo kwenye mizani ya 0 hadi 5 tuliyokubaliana kliniki tuliipa 4. Hatua hizi mbili hutenganisha mengi. Harufu ikitoka puani peke yake, tazama pua na mianzi yake. Kwa mtoto mdogo tazama kama amejitia ushanga au punje ya mahindi. Ikitoka kote kuwili kwa nguvu sawa, fikiria mapafu, figo, ini au sukari. Ikitoka mdomoni tu, ifuate mdomoni.

Tukapitisha kijiko cha plastiki nyuma kabisa ya ulimi wake. Kilitoka na ute mzito wa rangi ya manjano iliyofifia, na baada ya muda mfupi harufu yake ilikuwa ileile ya pumzi. Mbele ulimi ulikuwa safi, wa waridi. Kwa kujitazama kwenye kioo asingeshuku lolote. Halafu tukapitisha uzi wa meno katikati ya magego ya chini kushoto. Uzi ulitoka na damu, na wifi yake, tuliyemwomba anuse kwa idhini ya mgonjwa, alirudisha kichwa nyuma na kusema, "Ndiyo hii. Ndiyo hii hasa."

Fizi zake zilikuwa nyekundu, zimevimba, zinavuja damu zikiguswa. Tulizipima kwa kifimbo chenye alama za milimita, tukikiingiza taratibu kati ya fizi na jino. Fizi yenye afya huruhusu milimita 1 hadi 3. Zake, kwenye magego mengi, zilifika 5 na 6, na kwenye gego moja la chini kushoto 8, pakatoka na usaha. Gego hilo lilikuwa likicheza. Ukoga mgumu mweusi ulikuwa umejishika kwenye mizizi, chini ya fizi, ambako hakuna mswaki wa aina yoyote unaoufikia. Picha ya eksirei ilionyesha mfupa unaoshika magego umeliwa. Damu alikuwa akiiona kwenye mate kwa miaka na kuilaumu ncha ngumu ya mswaki. Siku ilipokuwa nyingi, aliacha kusugua pale panapouma, na ukoga ukazidi.

Tonsi hazikuwa na vijiwe, mianzi ya pua haikuwa na maumivu, kifua kilikuwa safi. Katika Mombasa swali la muguka na miraa halirukwi, maana majani yale hukausha mdomo na hutafunwa pamoja na vitu vitamu. Hatumii, wala tambuu wala tumbaku.

Mdomo wake hata hivyo ulikuwa mkavu. Kioo kidogo cha kukagulia meno kilinata shavuni badala ya kuteleza. Mate ndiyo yanayouosha mdomo na kuuletea oksijeni. Yakipungua, kama yanavyopungua kwa kila mtu usingizini, bakteria hustawi. Tulipomuuliza juu ya vidonge vyote anavyomeza, hata vile asivyovihesabu kuwa dawa, alitoa mkobani paketi ya vidonge vya mzio vile vya zamani vinavyoleta usingizi. Unga wa hina humpigisha chafya na piko humwasha vidoleni, kwa hiyo alivimeza karibu kila siku ya kazi. Kukausha mdomo ni tabia inayojulikana ya vidonge hivyo. Alieleza pia kwamba hulala na chupa ya maji kando ya kitanda, na huamka mara mbili tatu kwenda haja ndogo. Marehemu mamake alikuwa na ugonjwa wa sukari.

Tulimchoma kidole: 13.6 mmol/L. Kwa mtu mwenye kiu na mkojo wa namna ile, 11.1 kwenda juu inatosha kutia shaka nzito. Hospitali walimfanyia kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita, kikaja asilimia 8.9. Ugonjwa wa sukari huanzia 6.5.

Kwa hiyo tulikuwa na harufu moja yenye vyanzo vitatu vilivyoshikana. Mifuko ya fizi iliyojaa bakteria, ulimi wa nyuma uliofunikwa na utando, na mdomo uliokaushwa na vidonge pamoja na sukari iliyopanda. Sukari ikiwa juu, fizi hushindwa kupambana na vijidudu na ugonjwa wake huenda kwa kasi. Fizi zikiwa na uvimbe wa kudumu, nazo huifanya sukari iwe ngumu kushuka. Peremende alizotafuna kufunika harufu zilikuwa zikiulisha ugonjwa pande zote mbili.

Tiba, na ombi tulilolikataa

Alipoelezwa yote haya, ombi lake lilikuwa la kueleweka kabisa. "Daktari, nina harusi Ijumaa, watu wa Tudor. Niandikie ile ya siku saba kwanza, haya mengine tutayaanza wiki ijayo."

Nilikataa, na nataka sababu ijulikane kwa sababu ombi hili tunaliletewa kila mara. Bakteria wa fizi hawaelei ovyo mdomoni; wamejijengea utando juu ya ukoga, tabaka juu ya tabaka, na dawa huua walio juu na kuwaacha walio chini. Maskani yao ikibaki, wanajaa tena ndani ya siku chache, na kila dozi isiyo ya lazima huwafunza kustahimili dawa ambayo siku moja atahitaji kwa jambo zito. Dozi nne zilizopita zilikuwa zimemnunulia wiki nne za nafuu kwa gharama ya miaka mitatu ya mfupa. Hakufurahi. Tulimpa nafasi ya kwanza kesho yake asubuhi, tukaanza na upande uliokuwa na hali mbaya zaidi, na harusi ya Ijumaa alikwenda kwa barakoa. Kwa kuwa anachanganya unga wa hina, barakoa ilimfaa hata kwa chafya zake.

Kazi yenyewe ilikuwa kukwangua ukoga kwa mashine na kwa vyombo vya mkono, juu na chini ya fizi, kwa sindano ya ganzi, robo ya kinywa kwa kila miadi. Alipewa dawa ya kusukutua ya klorheksidini ya asilimia 0.2, mililita 10 kwa dakika moja, asubuhi na usiku, nusu saa baada ya dawa ya meno ili zisiharibiane. Aliambiwa wiki mbili tu, kwa sababu ikizidi huacha madoa ya hudhurungi kwenye meno na kuharibu ladha. Nimekutana na watu walioisukutua mwaka mzima wakidhani ndiyo tiba, chini yake fizi zikiendelea kuoza.

Mswaki wake wa mti alibaki nao. Tulimwongezea brashi ndogo za katikati ya meno, na tukamkalisha mbele ya kioo akaziingiza mwenyewe, gego kwa gego, mpaka mkono ukazoea. Peremende zikaondoka, zikaingia bazoka zisizo na sukari ambazo huamsha mate. Daktari wa hospitali alimwanzishia metformini, akambadilishia vidonge vya mzio kwa loratadini isiyokausha sana, na akamshauri avae glavu akishika piko.

Baada ya wiki mbili damu ilikuwa imepungua sana na harufu imeshuka kutoka 4 hadi 2. Lakini wifi yake, ambaye ndiye tuliyemfanya kipimo cha nyumbani, alisema kuanzia saa kumi jioni inarudi. Tulimwomba mgonjwa atuonyeshe anavyosafisha ulimi. Alikwangua nusu ya mbele, ile iliyokuwa safi tangu mwanzo, na akaacha pale kwa sababu akienda nyuma zaidi hutapika. Wengi hukwama hapo. Tulimfundisha autoe ulimi nje kabisa akiushika kwa kitambaa, atoe pumzi polepole huku akikwangua kutoka nyuma kuja mbele, bila kukandamiza, na afanye hivyo usiku badala ya asubuhi, kwa kuwa wengi asubuhi kabla ya kula ndipo koo linaposhtuka upesi. Mara ya tatu kujaribu alifika nyuma bila kichefuchefu. Kijiko kilitoka na ute uleule wa siku ya kwanza.

Alituuliza pia kuhusu Ramadhani, iliyokuwa inakaribia. Alisema mwezi huo huwa hana wasiwasi, maana kila mtu kinywa chake ni hivyo, na harufu ya mfungaji ni bora kuliko miski mbele ya Mola. Tulimwambia hilo halina ubishi. Harufu ya saumu huja kwa mate kupungua na mwili kuchoma mafuta, na huondoka mtu akifuturu. Iliyobaki baada ya futari na mswaki ndiyo yetu ya kushughulikia. Kwa kuwa sasa anameza dawa ya sukari, tulimtaka amwone daktari wake kabla ya mwezi kuandama ili dozi zipangwe upya kwa futari na daku. Kusafisha ulimi na fizi kukahamia baada ya daku.

Miezi mitatu tangu tuanze, vipimo vingi vya fizi vilikuwa 3 na 4, damu ilionekana sehemu chache, na pumzi tukaipa 1. HbA1c ilishuka hadi 7.2. Sehemu kubwa ya mafanikio hayo ni ya metformini na chakula. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kwamba kutibu fizi peke yake hushusha kipimo hicho kwa takriban nukta 0.4, kiasi kidogo lakini cha maana kwa mtu anayepigania kila nukta.

Lililobaki ni lile gego la chini kushoto. Mfuko wake umeshuka kutoka milimita 8 hadi 7 tu, na mfupa kati ya mizizi yake umekwisha. Tulimweleza kwamba upasuaji wa fizi unaweza kuliongezea muda lakini kwa matumaini madogo, na kwamba likiachwa litabaki kuwa pango la harufu na kuyaambukiza majirani zake. Amechagua kuling'oa, baada ya harusi za Mfungo Mosi. Mpaka wakati huo analisafisha kwa brashi ndogo mara mbili kwa siku, na tunampima kila miezi mitatu. Wifi yake naye ameomba apimwe fizi. Magego mawili yana milimita 5 na yanatoka damu, na miadi yake ya kwanza ya kukwanguliwa imeshawekwa.